Uwezekano wa kinadharia au wa majaribio: utumie upi, kwa swali gani

Wanafunzi wawili wameulizwa uwezekano wa kupata 6 kwenye dadu. Wa kwanza anaandika 1/6 bila hata kuigusa dadu. Wa pili anairusha mara 60, inatoka 6 mara 13, anaandika 13/60. Mwalimu asiposoma swali lake mwenyewe kwa makini, mmoja kati yao ataonewa, maana hakuna aliyekosea hesabu. Wa kwanza ameeleza dadu inavyopaswa kufanya ikiwa haina upendeleo. Wa pili ameeleza dadu hii, mezani hapa, ilivyofanya.

Ulinganisho huu ni kwa mwanafunzi wa miaka 12 hadi 15 anayesita aanze na njia ipi, na kwa mwalimu anayepanga kipindi cha dakika 40. Njia ya tatu, ya kuiga majaribio kwa kompyuta, imewekwa mwishoni kwa ufupi, kwa sababu wengi huidhania kuwa ni ile ile ya majaribio, kumbe sivyo.

Vigezo

Kila njia imepimwa kwa mambo matano: unachohitaji kujua kabla ya kuanza, vifaa na muda, kiasi cha kuliamini jibu, makosa yanayojitokeza mara kwa mara, na nani inamfaa.

Tukubaliane kwanza kuhusu kanuni zenyewe.

Uwezekano wa kinadharia = idadi ya matokeo unayoyataka ÷ idadi ya matokeo yote yanayoweza kutokea, *kwa sharti kwamba matokeo yote yana nafasi sawa*.

Uwezekano wa majaribio = idadi ya mara tukio lilipotokea ÷ idadi ya majaribio yote yaliyofanywa.

Kanuni ya pili haina sharti lolote la nafasi sawa. Tofauti nyingi zitakazofuata zinatoka hapo.

1. Unahitaji kujua nini kabla ya kuanza

*Kinadharia.* Unahitaji vitu viwili: orodha kamili ya matokeo, na sababu ya kuamini kwamba kila tokeo lina nafasi sawa na mwenzake. Orodha wanafunzi huiandika. Sababu ndiyo wanayoiruka. Dadu ina nyuso sita zinazofanana kwa ukubwa, hivyo 1/6 ina mguu wa kusimamia. Karata 52 zilizochanganywa vizuri, vilevile.

Sasa chukua kizibo cha soda. Kikirushwa kinatua meno juu au meno chini, basi. Mwanafunzi ataandika 1/2 haraka sana, kwa sababu matokeo ni mawili. Lakini upande mmoja wa kizibo ni bapa na mwingine una ukingo wa meno. Hakuna kinachokuambia pande hizo zina nafasi sawa. Mechi ya mpira nayo ina matokeo matatu, kushinda, kutoka sare na kufungwa, na hakuna shabiki atakayekubali kwamba timu yake ina 1/3 tu dhidi ya timu ya mtaani. Ukishindwa kusema *kwa nini* matokeo yako yana nafasi sawa, njia ya kinadharia haijakufungulia mlango bado.

*Majaribio.* Huhitaji kujua lolote kuhusu umbo la kitu. Unachohitaji ni jambo linaloweza kurudiwa katika hali ile ile, na kanuni ya kusoma matokeo iliyowekwa kabla ya mrusho wa kwanza.

Kanuni hiyo ya kusoma huonekana jambo dogo hadi kikundi kianze kugombana. Sarafu ya Tanzania ya shilingi 200 ina sura ya Karume upande mmoja na simba upande mwingine, hivyo neno "kichwa" linaeleweka, ingawa simba pia ana kichwa na kuna mtoto atakayelisema hilo. Sarafu za Kenya zilizotolewa mwaka 2018 hazina sura ya mtu kabisa: ya shilingi 10 ina simba na nembo ya taifa, ya 20 ina tembo na nembo. Andikeni ubaoni "mnyama" na "nembo", ubishi uishe. Dadu ikiegemea ukuta wa boksi au kitabu, inarushwa upya na haihesabiwi. Hilo nalo liamuliwe mapema, kwa sababu likiamuliwa baadaye, kila mtu ataamua kwa kuangalia namba anayoipenda.

2. Vifaa na muda

*Kinadharia.* Kalamu na karatasi. Kwa dadu mbili, chora jedwali la mistari 6 na safu 6. Miraba 36 inajaa kwa dakika tano, na ukishalichora unasoma kila kitu humo: jumla ya 7 inatokea katika miraba 6, kwa hiyo 6/36. Jumla ya 2 katika mraba mmoja tu, 1/36. Kwa sarafu tatu, mchoro wa matawi unatosha: matawi 8. Ugumu unaanza kwenye dadu tatu, ambapo matokeo ni 216 na jedwali la kawaida halina pa kuyaweka. Hapo inabidi uhesabu kwa makundi, na mwanafunzi wa umri huu huanza kupotea.

*Majaribio.* Vifaa ni rahisi kupatikana, muda ndio ghali. Kikundi kilichojipanga kinarusha na kuandika mara 10 hivi kwa dakika. Mrusho 50 ni dakika 5, ongeza 5 za kugawa vifaa na 5 za kuokota dadu zilizoingia chini ya madawati. Ili zisiingie huko, tumia mfuniko wa boksi la karatasi kama uwanja, na utandike kitambaa au gazeti ndani yake. Dadu inabiringika na haidundi.

Kugawana kazi kunasaidia zaidi kuliko kuongeza vifaa. Mmoja anatikisa kikombe cha plastiki na kurusha, wa pili anasoma kwa sauti, wa tatu anaweka alama za tali, wa nne anahesabu mrusho na kusema "hamsini, simama". Darasa la wanafunzi 45 katika vikundi 9 vyenye watu watano litapata mrusho 450 ndani ya robo saa. Mwanafunzi mmoja nyumbani akitaka 450 peke yake atahitaji karibu saa nzima, na kufikia mrusho wa 200 atakuwa ameanza kubuni namba.

Kwa vizibo kuna tahadhari zaidi. Kifungulio hukunja kizibo, na kila kizibo hukunjwa kwa namna yake. Tafuta kisichokunjwa sana, kidondoshe kutoka urefu wa rula ya sentimita 30 juu ya meza ngumu, na ukiangalie kila baada ya mrusho 100 kama meno hayajabonyea. Kizibo kilichobonyea ni kifaa kipya. Hesabu yake inaanza upya.

3. Jibu linaaminika kiasi gani

*Kinadharia.* Jibu ni kamili, halina kuyumba. 1/6 ni 1/6 leo na kesho, kwa kila anayehesabu. Lakini ukamilifu huo umeegemea sharti la nafasi sawa, na sharti hilo likivunjika jibu halipungui usahihi kidogo kidogo. Linakuwa jibu la kitu kingine.

Katika karne ya 19, Rudolf Wolf, mwanaastronomia wa Uswisi, alirusha dadu moja mara 20,000 na kuandika kila uso ulivyotoka:

1: mara 3,246
2: mara 3,449
3: mara 2,897
4: mara 2,841
5: mara 3,635
6: mara 3,932

Kwa nadharia kila uso ulipaswa kutoka karibu mara 3,333. Uso wa 6 umezidi kwa mara 599, na uso wa 4 umepungua kwa mara 492. Hiyo si bahati. Angalia pia kwamba 3 na 4, nyuso zinazotazamana kwenye dadu ya kawaida, zimepungua zote mbili. Dadu iliyo ndefu kidogo kati ya uso wa 3 na wa 4 hufanya hivyo hasa, kwa sababu kitu kirefu hakipendi kusimama kwa ncha. Na 6 kuizidi 1? Upande wa 6 umechimbwa vitundu sita, wa 1 kimoja tu, kwa hiyo upande wa 6 ni mwepesi na huelekea kubaki juu. Nadharia peke yake isingeweza kukuambia lolote kati ya hayo.

*Majaribio.* Jibu ni kadirio, na kadirio huyumba. Swali la maana ni: huyumba kiasi gani? Kanuni ya kukumbuka ni kwamba, kwa majaribio *n*, mara nyingi sana (karibu mara 95 katika 100) uwiano unaoupata utakuwa ndani ya 1/√n ya uwezekano halisi, au karibu zaidi.

Majaribio 25: ndani ya 0.20
Majaribio 100: ndani ya 0.10
Majaribio 400: ndani ya 0.05
Majaribio 10,000: ndani ya 0.01

Soma orodha hiyo polepole. Kupunguza kuyumba kwa nusu kunahitaji kuzidisha kazi mara nne. Ndiyo maana mrusho 10 hausemi karibu chochote: sarafu isiyo na upendeleo ikirushwa mara 10, uwezekano wa kupata vichwa 5 kamili ni 252/1024, karibu robo. Vikundi vitatu kati ya vinne vitapata kitu kingine, na hakuna kikundi kilichokosea.

Mfano mzuri kuliko wote ni wa John Kerrich, mwanahisabati aliyekuwa akifundisha Johannesburg. Mwaka 1940 alikuwa Denmark Wajerumani walipoivamia, akawekwa kizuizini, na huko akarusha sarafu mara 10,000. Baada ya mrusho 100 alikuwa na vichwa 44. Baada ya 1,000, vichwa 502. Baada ya 10,000, vichwa 5,067. Kwa uwiano: 0.44, kisha 0.502, kisha 0.5067.

Mambo mawili yamejificha hapo, na yote mawili hufundishwa vibaya. La kwanza: uwiano haukusogelea nusu kwa hatua zilizonyooka. Mrusho 1,000 ulikuwa karibu zaidi na nusu kuliko mrusho 10,000. Uwiano hutulia, lakini huku ukiyumbayumba, na grafu yake darasani itaonyesha hivyo hivyo. La pili: tofauti ya *idadi* iliongezeka. Kwenye 100 alipungukiwa vichwa 6. Kwenye 10,000 alizidisha 67. Sarafu haifidii deni la nyuma. Anayesema "nembo imetoka mara tano mfululizo, sasa ni zamu ya simba" anachanganya uwiano na idadi, na kosa hilo hilo ndilo linalowamaliza vijana kwenye kubeti.

4. Makosa ya kawaida

*Kinadharia.* Kosa kubwa ni kuorodhesha matokeo yasiyo na nafasi sawa kana kwamba yanayo. Sarafu mbili zinarushwa. Mwanafunzi anaandika "vichwa 0, kichwa 1, vichwa 2" na kugawa 1/3 kila moja. Asijilaumu sana: d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa wa karne ya 18, alichapisha hoja ya aina hiyo hiyo na kudai kwamba uwezekano wa kupata angalau kichwa kimoja kwa mirusho miwili ni 2/3. Ni 3/4. Tiba ni kuzipaka sarafu rangi mbili akilini: nyekundu na bluu. Kichwa kwenye nyekundu tu na kichwa kwenye bluu tu ni matokeo mawili, si moja. Orodha inakuwa na nne (K ni kichwa, N ni nembo): KK, KN, NK, NN.

La pili ni kutoa gololi mfukoni bila kusema kama inarudishwa. Mfuko una nyekundu 3 na bluu 2, unatoa mbili. Ukirudisha ya kwanza, uwezekano wa kupata nyekundu zote mbili ni 3/5 × 3/5 = 9/25. Usiporudisha, ni 3/5 × 2/4 = 3/10. Swali la mtihani lisiposema, jibu lako liseme umechukulia nini.

*Majaribio.* Makosa hapa ni mengi na ya kiujanja zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Kusimama jibu linapopendeza. Kikundi kinaona uwiano umefika 0.5 kwenye mrusho wa 34, kinaweka sarafu chini. Idadi ya majaribio inaamuliwa kabla, na inamalizwa hata kama imechosha.

Kujumlisha visivyojumlika. Vikundi vyote vikitumia sarafu za aina moja, jumlisha. Vikundi tisa vikitumia vizibo tisa vyenye mikunjo tofauti, jumla hiyo ni wastani wa vizibo tisa, haikuambii uwezekano wa kizibo hata kimoja.

Kurahisisha sehemu na kupoteza ushahidi. 18/120 na 3/20 ni namba moja, lakini 3/20 inamficha msomaji kwamba ulirusha mara 120. Andika 18/120 kwanza, kisha 0.15. Mtihani ukitaka sehemu iliyorahisishwa, iweke mwisho.

Kusema "haiwezekani" kwa sababu haikutokea. Tukio lililotokea mara 0 katika majaribio 50 bado linaweza kuwa na uwezekano wa hadi 0.06 hivi. Kanuni ya haraka ni 3 gawanya kwa idadi ya majaribio.

Na kupika namba. Mwanafunzi aliyechoka huandika 10, 10, 10, 10, 10, 10 kwa mrusho 60, akidhani hivyo ndivyo dadu nzuri inavyofanya. Uwezekano wa kupata mgawanyo huo kamili ni chini ya 1 katika 10,000. Hata mrusho 6 tu kutoa kila uso mara moja hutokea kwa uwezekano wa 720/46,656, yaani asilimia 1.5. Namba halisi zina makunyanzi.

Linganisha na jedwali hili la mrusho 120, la aina inayopenda kuonekana kwenye mitihani: 18, 23, 16, 25, 19, 19. Uso wa 4 umetoka mara 25 badala ya 20. Je, dadu ina hila? Kipimo cha kuyumba kwa kawaida ni √(n × p × (1 − p)), p ikiwa uwezekano wa kinadharia, yaani √(120 × 1/6 × 5/6), karibu 4. Matokeo yaliyo ndani ya mara mbili ya hiyo, kati ya 12 na 28, si ya kushangaza. Dadu hii haijashtakiwa na mtu. Kwa dadu ya Wolf kipimo hicho ni karibu 53, na uso wa 6 umezidi kwa 599.

5. Inamfaa nani

*Kinadharia* inamfaa mwenye kitu chenye ulinganifu kinachoonekana: dadu, karata, gololi zenye ukubwa mmoja, gurudumu lililogawanywa kwa pembe sawa. Inamfaa pia anayetafuta tofauti ndogo sana. Mwanzoni mwa karne ya 17 Galileo aliulizwa kwa nini dadu tatu hutoa jumla ya 10 mara nyingi kuliko 9, wakati kila jumla ina njia sita za kuandikwa. Alihesabu mpangilio kwa mpangilio: 9 ina matokeo 25 kati ya 216, 10 ina 27. Tofauti haifiki hata 0.01. Kuiona kwa kurusha kunataka mrusho wa maelfu kwa maelfu. Kuiona kwa karatasi kunataka robo saa na mtu asiyeruka hatua.

*Majaribio* inamfaa mwenye kitu kisicho na ulinganifu, au jambo lisilo na nyuso za kuhesabu kabisa: kizibo, mbegu kuota, basi kuchelewa, mchezaji kufunga penalti. Inamfaa pia mwanafunzi ambaye sehemu na desimali bado ni maneno tu kwake; akishaweka alama za tali 50 kwa mkono wake, 0.46 inakuwa na maana. Na inamfaa mwalimu anayetaka kuvunja kosa kubwa bila mabishano: acha darasa lirushe sarafu mbili mara 200, "kichwa kimoja" kitatoka karibu mara 100 na si 67, na ile 1/3 itakufa yenyewe.

Na kompyuta je?

Kwenye programu ya majedwali, andika =RANDBETWEEN(1,6) katika seli ya kwanza, iburute hadi seli 1,000, kisha hesabu 6 imetoka mara ngapi kwa =COUNTIF(A1:A1000,6). Dakika mbili, mrusho 1,000. Jihadhari: namba zote hubadilika kila unapohariri seli yoyote, kwa hiyo nakili safu na uibandike kama thamani tupu kabla ya kuanza kuchora grafu.

Ni chombo kizuri cha kuonyesha uwiano unavyotulia. Ila fahamu kilichomo: wewe ndiye uliyeiambia kompyuta kwamba nyuso sita zina nafasi sawa. Inakurudishia nadharia yako ikiwa imetikiswa. Haiwezi kugundua kwamba dadu ya Wolf ni ndefu upande mmoja, na haijui lolote kuhusu kizibo chako. Hata sarafu za kweli zina jambo ambalo kompyuta haitalisema: utafiti uliotolewa mwaka 2023 na František Bartoš na wenzake, wenye mirusho 350,757, ulionyesha kwamba sarafu inayorushwa kwa mkono hutua upande ule ule iliokuwa nao juu kwa asilimia 50.8. Darasani tofauti hiyo haionekani. Kwa kanuni ya 1/√n ungehitaji zaidi ya mrusho 15,000.

Zinapofanya kazi pamoja

Maswali mengi ya nje ya kitabu yanataka namba ipatikane kwa majaribio, kisha iendelezwe kwa nadharia. Mkulima anataka kujua aweke mbegu ngapi za mahindi kwa shimo. Hakuna ulinganifu wa kumwambia mbegu itaota au la, kwa hiyo anaanza na jaribio: mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, siku 7, kisha anahesabu. Tuseme zimeota 87. Uwezekano wa mbegu moja kutoota ni 0.13.

Sasa nadharia inapokea. Akiweka mbegu mbili kwa shimo, uwezekano wa zote mbili kutoota ni 0.13 × 0.13 = 0.0169, yaani mashimo 17 hivi matupu katika kila 1,000. Mbegu moja ingempa matupu 130. Tatu, karibu 2.

Majibu hayo yamebeba udhaifu wa njia zote mbili. Jaribio la mbegu 100 linayumba, na uwezekano halisi wa kuota unaweza kuwa 0.80, hapo mbegu mbili zinaacha mashimo 40 matupu kwa 1,000, si 17. Nako kuzidisha 0.13 kwa 0.13 kumechukulia kwamba mbegu za shimo moja hazitegemeani. Panya akifukua shimo hali moja akaiacha nyingine.

Uchague vipi

Swali likisema "dadu isiyo na upendeleo", "sarafu halali" au "karata zilizochanganywa vizuri", hesabu kwa nadharia. Umepewa sharti, litumie.

Swali likianza na jedwali la matokeo au maneno kama "katika siku 60 zilizopita", tumia majaribio, hata kama kitu chenyewe ni dadu. Likiuliza "je, dadu hii ina upendeleo?", unahitaji zote mbili na kile kipimo cha kuyumba.

Swali likiuliza "unatarajia mara ngapi katika mrusho 300?", zidisha 300 kwa uwezekano ulio nao, wowote kati ya hiyo miwili, na useme umetumia upi.

Mwalimu mwenye kipindi kimoja tu aanze na kizibo cha soda. Waache wabashiri 1/2, warushe mara 50 kwa kila kikundi, kisha waulizwe kwa nini ubashiri umegoma. Mwenye vipindi viwili aweke jedwali la miraba 36 katika cha pili, kwa dadu mbili, na jaribio la jumla ya 7 liwe la kuhakiki tu.

Darasa lenye wanafunzi 80 na dadu nne: weka majaribio kwa sarafu, kila mtoto na yake, mrusho 10 kwa kila mmoja. Mrusho 800 unapatikana kwa dakika mbili, na matokeo ya mtu mmoja mmoja, kuanzia vichwa 2 hadi 8 na pengine hata 1 au 9, yataonyesha kuyumba kuliko maelezo yoyote.

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani peke yake, bila kikundi: tumia muda mwingi kwenye orodha za matokeo na michoro ya matawi, na ufanye jaribio moja tu la mrusho 100, ukiandika uwiano kila baada ya 10. Grafu ya nukta hizo kumi ibandike ndani ya jalada la daftari.

Na majibu ya njia mbili yakitofautiana, usikimbilie kufuta moja. Hesabu kwanza 1/√n. Tofauti ikiwa ndani yake, acha. Ikizidi, kagua orodha ya matokeo, kisha kagua dadu.